Ufuatiliaji wa Picha Baada ya Fistula ya Ateri na Vena Kuzibwa kwa Stenti: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu haya yameandikwa kwa ajili ya mgonjwa aliyewekewa stenti ili kuziba njia isiyo ya kawaida kati ya ateri na vena kwenye mguu, mkono, nyonga au bega, na kwa ndugu wanaomsindikiza kliniki. Fistula za ubongo, uti wa mgongo na moyo zina taratibu zake na hazikujumuishwa hapa. Tarehe na vipimo vya mgonjwa mmoja mmoja hupangwa na daktari aliyemtibu.

Fistula ya ateri na vena ni nini, na stenti huizibaje?

Kwa kawaida damu hutoka moyoni kwa ateri, hupita kwenye mishipa midogo kabisa ya kapilari ambako huacha oksijeni na lishe, kisha hurudi kwa vena. Fistula ni tundu linaloiruhusu damu ya ateri, yenye shinikizo kubwa, kuingia moja kwa moja kwenye vena bila kupitia kapilari. Wengine huzaliwa nayo, lakini zile zinazozibwa kwa stenti mara nyingi hutokana na jeraha la kisu au risasi, na mfupa uliovunjika, na upasuaji, au na sindano ya katheta (mrija mwembamba unaoingizwa kwenye mshipa) iliyotoboa ateri na vena kwa pamoja pale kinenani. Tatizo lenyewe ni la zamani: tabibu William Hunter wa Uingereza alilieleza mwaka 1757 kwa wagonjwa waliochomwa kwenye kiwiko ili kupunguzwa damu, kama ilivyokuwa desturi ya matibabu ya wakati ule.

Stenti ni mrija mdogo wa wavu wa chuma unaowekwa ndani ya mshipa wa damu. Stenti ya wavu mtupu haiwezi kuziba tundu la fistula, kwa kuwa damu hupenya kwenye macho ya wavu. Inayotumika ni stenti iliyovishwa kitambaa cha sintetiki, aghalabu politetrafluoroethilini au poliesta. Huingizwa ikiwa imekunjwa ndani ya katheta, ikafunguliwa upande wa ateri mbele ya tundu, na tangu hapo damu hupita ndani yake bila kukuta upenyo wa kuingilia kwenye vena.

Ikiwa tundu limezibwa na picha ya mwisho ya chumba cha upasuaji ilikuwa safi, picha nyingine ni za nini?

Picha ile huonyesha hali ya dakika chache tu, mgonjwa akiwa amelala, shinikizo lake la damu likiwa limedhibitiwa na dawa ya kuzuia damu kuganda ikiwa bado inafanya kazi mwilini. Mambo yanayoiharibu stenti huja baadaye, na kila moja lina wakati wake. Bonge la damu linaloziba stenti ghafla huonekana zaidi katika siku na wiki za mwanzo. Kusinyaa kwa ateri kwenye ncha mbili za stenti, mahali kitambaa kinapokutana na ukuta wa mshipa, hujengeka polepole na kwa kawaida huanza kuonekana kuanzia miezi michache hadi mwaka mmoja au miwili. Kuvunjika kwa nyaya za stenti, kuhama kwake na kuvuja upya huweza kutokea hata baada ya miaka.

Kuna jambo jingine ambalo halizungumzwi vya kutosha. Fistula iliyokaa miaka mingi huifanya ateri iliyo juu yake kutanuka, kwa kuwa ilizoea kupitisha damu nyingi kupita kiasi. Baada ya kuzibwa, ateri hiyo huweza kurudi taratibu kwenye upana wake au ikaendelea kutanuka, na katika hali hiyo ya pili stenti iliyokaa vizuri siku ya kwanza hupwaya baadaye. Hakuna namna ya kulijua hilo bila kupima upana wa ateri mara kwa mara.

Kwa nini karibu kila ufuatiliaji huanza na ultrasaundi ya Dopla?

Kwa sababu haina mionzi, haihitaji dawa ya kuonyesha mishipa, hairuhusu chuma cha stenti kuharibu picha kwa kiwango kikubwa, na inaweza kurudiwa mara nyingi bila madhara. Muhimu zaidi, ultrasaundi haionyeshi umbo la mshipa peke yake. Inapima pia kasi na mwelekeo wa damu inayopita wakati huohuo. Fistula ni ugonjwa wa mkondo wa damu kabla ya kuwa ugonjwa wa umbo, na kipimo kinachosoma mkondo ndicho kinachofaa kutangulia.

Udhaifu wake upo. Matokeo hutegemea sana ujuzi wa anayeshika kichwa cha mashine, na mishipa iliyo ndani ya nyonga, chini ya mfupa wa mtulinga au nyuma ya gesi ya matumbo haionekani vizuri. Kwa stenti iliyo sehemu hizo, daktari huweza kuanza moja kwa moja na CT skani.

Anayepima huangalia nini hasa?

Kipimo kizuri hakiishii juu ya stenti. Mpimaji hupaka jeli, huanza kwenye ateri iliyo juu ya stenti, hushuka hadi ncha ya juu, hupita ndani ya stenti, hutoka kwenye ncha ya chini, kisha huendelea hadi kwenye ateri za mguuni au mkononi. Baada ya hapo hurudia safari hiyo kwenye vena. Stenti yenyewe huonekana kama mistari miwili inayong'aa, sambamba, ndani ya mshipa.

Kinachomwambia mengi ni umbo la wimbi la damu. Katika ateri ya mguu yenye afya, mgonjwa akiwa ametulia, damu huruka mbele kwa nguvu moyo unapobana, hurudi nyuma kidogo, kisha husogea mbele tena kwa upole, na kabla ya pigo linalofuata huwa karibu imesimama. Fistula ikiwa wazi, ateri iliyo juu yake hupoteza mtindo huo: damu hukimbia mbele mfululizo, hata moyo unapopumzika, kwa sababu inavutwa na vena ambayo haina upinzani. Upande wa vena, mkondo ambao ulipaswa kupanda na kushuka taratibu kufuata pumzi huanza kudunda kama ateri. Palipo na tundu lenyewe, tishu za jirani hutetemeka kiasi kwamba rangi za Dopla, ambazo mashine hutumia kuonyesha damu inayotembea, humwagika nje ya mshipa, na mpimaji mzoefu huliona vurugu hilo kabla hajaliona tundu.

Stenti ikiwa imefanya kazi yake, ateri hurudia wimbi lake la kawaida na vena hurudia kufuata pumzi. Ikiwa wimbi la ateri bado ni la mfululizo ingawa hakuna rangi inayoonekana ikivuka, ripoti isiishie kwenye maneno "hakuna fistula iliyoonekana". Inawezekana tundu limejificha nyuma ya kivuli cha stenti, au kuna tundu la pili, na kipimo kingine kinahitajika.

Vena nayo hubonyezwa kwa kichwa cha mashine kuona kama inabonyea hadi kujifunga. Vena iliyozoea kupitisha mkondo mkali, kisha mkondo huo ukakatwa ghafla, huweza kuganda damu ndani yake, na bonge hilo linaweza kusafiri hadi mapafuni.

Ripoti yangu inataja "uwiano wa kasi". Unamaanisha nini?

Damu inayopita sehemu iliyosinyaa hulazimika kwenda kasi zaidi. Mpimaji huchukua kasi ya juu kabisa mahali penye wasiwasi na kuigawanya kwa kasi ya ateri iliyo juu kidogo, ambayo haina kasoro. Uwiano unaozidi 2 huchukuliwa na maabara nyingi kuwa dalili ya kusinyaa kwa nusu ya kipenyo au zaidi, ingawa nyingine husubiri hadi 2.5 kwa mshipa wenye stenti, kwa kuwa stenti yenyewe huufanya ukuta uwe mgumu na kuongeza kasi kidogo.

Kasi ndogo mno ni onyo pia, na kwa maoni yangu hupuuzwa kuliko inavyostahili. Damu inayojikokota ndani ya stenti yote, kwa kasi ya juu iliyo chini ya sentimita 40 hadi 50 kwa sekunde, ina hatari ya kuganda hata kama hakuna mahali palipoonekana kusinyaa. Sababu huwa juu au chini ya stenti, na hapo ndipo pa kutafuta.

Pamoja na ultrasaundi, wengi hupimwa shinikizo la damu la kifundo cha mguu na kulilinganisha na la mkono. Uwiano huo ukishuka kwa 0.15 au zaidi tangu kipimo kilichopita, mabadiliko hayo ni ya kweli na yanastahili kuchunguzwa, hata kama mgonjwa hasikii maumivu.

Picha hupigwa lini na lini?

Ratiba inayotumika sana ni ultrasaundi kabla ya kuruhusiwa kutoka hospitalini au ndani ya mwezi wa kwanza, kisha mwezi wa 6, mwezi wa 12, na baada ya hapo mara moja kila mwaka. Baadhi ya madaktari huongeza kipimo cha mwezi wa 3 kwa stenti iliyopita kwenye kiungo kinachokunjwa au iliyowekwa kwenye ateri nyembamba.

Kama ni lazima mtu akose mojawapo, asikose kile cha kwanza. Hicho ndicho kipimo cha msingi. Kasi ya sentimita 180 kwa sekunde kwenye ncha ya stenti inaweza kuwa ya kawaida kwa mgonjwa mmoja tangu siku ya mwanzo, na kwa mwingine ikawa imepanda kutoka 90 ndani ya miezi sita. Anayesoma ripoti bila kipimo cha msingi hana njia ya kutofautisha wagonjwa hao wawili, na matokeo yake ama atamrudisha wa kwanza kwenye katheta bila sababu, ama atamwacha wa pili hadi stenti izibe.

Niliambiwa picha ya siku ya pili haikuonekana vizuri. Je, kuna tatizo?

Si lazima. Kitambaa cha politetrafluoroethilini kina vinyweleo vyenye hewa, na mawimbi ya ultrasaundi hayapiti kwenye hewa. Katika siku za mwanzo stenti huweza kutupa kivuli cheusi kinachoficha kila kilicho nyuma yake. Hewa hiyo hunyonywa kidogokidogo na picha hufunguka. Hali hiyo huongezewa na uvimbe na damu iliyovilia pale katheta ilipoingilia. Ikiwa mguu au mkono una joto, mapigo yanashikika na wimbi la damu chini ya stenti ni zuri, kurudia kipimo baada ya wiki chache kunatosha.

CT skani huhitajika wakati gani?

Huhitajika pale ultrasaundi inapoleta swali isiloweza kulijibu: wimbi lisilo la kawaida bila chanzo kuonekana, ateri inayozidi kutanuka, uvimbe unaodunda kando ya stenti, au stenti iliyo ndani sana. Mgonjwa huchomwa dawa yenye ayodini kwenye vena ya mkono na picha hupigwa dawa inapofika kwenye ateri. Wakati wa kupiga picha ndio unaoamua kila kitu hapa. Vena ikijaa dawa mapema, wakati ateri ndiyo kwanza zinang'aa, ni ishara kwamba njia ya mkato bado ipo. Kwa sababu hiyo hiyo, mguu wenye fistula usipigwe picha katika awamu ya kuchelewa pekee, kwani wakati huo vena zote zina dawa na ushahidi umeshapotea. Awamu ya kuchelewa ina manufaa yake, hasa kwa uvujaji wa polepole, lakini iwe nyongeza.

Chuma cha stenti hung'aa kupita ukubwa wake kwenye CT skani, jambo linaloufanya uwazi wa ndani uonekane mwembamba kuliko ulivyo. Stenti ndogo inayosemekana kusinyaa kwa CT skani pekee ihakikiwe kwa Dopla kabla ya mtu kurudishwa kwenye katheta.

Kabla ya kipimo, mwambie daktari kama figo zako zina matatizo, kama uliwahi kupata mzio wa dawa hiyo, na kama unatumia metformini, dawa ya kisukari. Mwenye figo zenye nguvu ya kutosha kwa kawaida haachi metformini. Mwenye uchujaji wa figo (eGFR kwenye ripoti ya damu) ulio chini ya mililita 30 kwa dakika huisimamisha na kuirudia baada ya saa 48, figo zikishapimwa tena.

Je, naweza kupigwa MRI nikiwa na stenti?

Stenti nyingi za sasa, zikiwemo za nitinoli, ambayo ni mchanganyiko wa nikeli na titani, zinaruhusiwa kwenye mashine zenye sumaku ya nguvu ya tesla 1.5 na tesla 3 kwa masharti yaliyoandikwa na mtengenezaji. Kinachotakiwa ni kadi ya stenti, yaani ile inayotolewa baada ya kuwekewa na kutaja aina ya stenti yako. Bila kadi, chumba cha MRI kinaweza kukukataa au kukuchelewesha kwa siku kadhaa, na hakitakuwa na kosa.

Swali la usalama ni tofauti na swali la manufaa. Chuma hufukuza ishara ya MRI, hivyo ndani ya stenti huweza kuonekana peusi kama pameziba ilhali damu inapita. Stenti za chuma cha pua huharibu picha zaidi kuliko za nitinoli. MRI hufaa kuangalia ateri na vena zilizo juu na chini ya stenti, na kwa wale wasioweza kupewa ayodini. Dawa yake ya gadolinia nayo huwekewa tahadhari kwa mwenye figo dhaifu sana, kwa kuwa aina zake za zamani zilihusishwa na ugonjwa wa ngozi na tishu kukakamaa.

Na angiografia ya katheta?

Hii ni picha ya mishipa inayopigwa wakati dawa inaingizwa kwa katheta ndani ya ateri. Bado ndiyo inayoonyesha kwa usahihi mkubwa damu inavyovuka kutoka ateri kwenda vena, kwa sababu hupigwa picha nyingi kila sekunde. Hata hivyo inamtaka mgonjwa achomwe tena kwenye ateri, na fistula nyingi za kinena zilianzia kwenye tundu la aina hiyohiyo. Hufanywa pale ambapo marekebisho yanatarajiwa kufanyika katika kikao hichohicho, kwa mfano kutanua sehemu iliyosinyaa kwa puto au kuongeza stenti nyingine.

Nimeambiwa stenti "inavuja". Je, fistula imerudi?

Inategemea damu inapitia wapi. Ikiwa inapenya kwenye ncha ya stenti kwa sababu kitambaa hakikugusa ukuta wa ateri barabara, hiyo kwa kawaida hurekebishwa bila kusubiri sana, kwa sababu shinikizo la ateri linafika kwenye tundu kama zamani. Kitambaa kilichochanika au stenti mbili zilizoachana mahali zilipounganishwa huchukuliwa kwa uzito uleule. Lakini damu huweza pia kufika kwa kuzunguka, kupitia tawi dogo la ateri linaloungana na eneo la tundu kutoka nyuma. Uvujaji huo ukiwa mdogo, na vena na moyo vikiwa havielemewi, wengi hufuatiliwa kwa picha za karibukaribu, na baadhi hujifunga wenyewe. Ripoti inayosema "kuna uvujaji" bila kutaja njia yake haijakamilika, na una haki ya kuuliza.

Je, mahali stenti ilipo hubadilisha ufuatiliaji?

Ndiyo. Stenti iliyo chini ya mtulinga hubanwa kati ya mfupa huo na ubavu wa kwanza kila mkono unapoinuliwa. Iliyo nyuma ya goti hukunjwa kwa kila hatua, na iliyo karibu na kinena hupindwa mtu anapochutama au kukaa. Sehemu hizi ndizo zinazovunja nyaya. Eksirei ya kawaida, iliyopigwa kwa pembe mbili, huonyesha waya uliokatika vizuri kuliko picha nyingi za gharama kubwa, na inasikitisha kwamba huagizwa mara chache. Kwa stenti ya goti au ya bega, ni vyema pia kupima Dopla kiungo kikiwa kimenyooka na kikiwa kimekunjwa.

Kwa nini baadhi yetu hupimwa moyo pia?

Fistula kubwa hulazimisha moyo kusukuma damu ya ziada mchana na usiku. Madaktari wa upasuaji Nicoladoni mwaka 1875 na Branham mwaka 1890 walieleza kwamba fistula ikibonyezwa kwa kidole hadi ijifunge, mapigo ya moyo hupungua papo hapo. Kwa aliyekuwa na moyo uliotanuka au kushindwa kazi kabla ya kuzibwa, ultrasaundi ya moyo hurudiwa miezi kadhaa baadaye. Moyo usiporudi nyuma kwa upana ilhali ripoti ya mguu inadai kila kitu ni kizuri, mguu upimwe upya.

Kati ya miadi, nijiangalie vipi?

Gusa mahali palipokuwa na tatizo. Mtetemo unaofanana na paka anayekoroma chini ya ngozi, ukirudi baada ya kupotea, ni sababu ya kupiga simu kliniki siku hiyohiyo. Vivyo hivyo kwa mguu unaoanza kuvimba upya, vena zinazotokeza, au uvimbe unaodunda.

Mguu au mkono unaokuwa wa baridi, mweupe, wenye ganzi au maumivu makali ya ghafla huenda stenti yake imeziba, na hapo ni kwenda hospitali mara moja bila kusubiri asubuhi, kwa sababu misuli isiyopata damu huanza kufa ndani ya saa chache. Kifua kinachouma na kupumua kwa shida navyo ni dharura. Homa inayorudirudi pamoja na wekundu juu ya stenti huashiria maambukizi. Ni nadra, lakini hutaka CT skani mapema.

Je, naweza kuacha dawa picha zikiwa nzuri?

Usiache bila kuambiwa. Wengi hupewa dawa mbili za kuzuia damu kuganda, aspirini na klopidogreli, kwa mwezi mmoja hadi mitatu, kisha hubaki na moja. Picha nzuri mara nyingi ni matokeo ya dawa hizo. Daktari wa meno au mpasuaji mwingine akitaka uzisimamishe, mwombe kwanza awasiliane na aliyekuwekea stenti.

Nina ujauzito. Je, nisubiri hadi nijifungue?

Ultrasaundi inaendelea kama kawaida. CT skani huahirishwa isipokuwa kuna hatari kwa maisha au kiungo, na gadolinia huepukwa. Mwambie mpimaji umri wa mimba, kwani kiasi cha damu mwilini huongezeka na kasi zote hupanda.

Ufuatiliaji huu una mwisho?

Kwa stenti yenye kitambaa, madaktari wengi huendelea maadamu stenti ipo mwilini, yaani maisha yote. Teknolojia yenyewe si kongwe: daktari wa upasuaji Juan Parodi na wenzake walitibu ateri kuu ya tumbo kwa kitambaa kilichoshikwa na stenti huko Buenos Aires mwaka 1990, na matumizi kwenye majeraha yalifuata miaka hiyo. Kijana wa miaka 25 aliyejeruhiwa leo huenda akaishi na stenti yake kwa miaka 50, na ndiye pia anayepotea kliniki mapema zaidi, kwa kuwa hana maumivu na amesharudi kazini.

Aliyekaa miaka bila kupimwa hahitaji kuanza na CT skani wala kuogopa kulaumiwa. Aende na kadi ya stenti, muhtasari wa upasuaji na ripoti zozote alizonazo, kwa sababu urefu na kipenyo cha stenti ndivyo vitakavyomwezesha mpimaji kujua kama imehama au imejikunja. Kama karatasi zimepotea, eksirei na ultrasaundi vifanywe, na vipimo vya siku hiyo vianze kutumika kama vya msingi.